Nimemaliza safari ya miezi miwili, na nyumbani hakuna wa kumwambia

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni binti wa miaka 28, mtoto wa pili kati ya watano, na ninaishi kwa wazazi wangu katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Ninafanya kazi ya uhasibu katika depo ya dawa. Kwa mshahara huo ninalipa minervali, yaani ada ya shule, ya wadogo zangu wawili, na kila mwezi unga wa bukari unaoliwa nyumbani hutoka kwangu. Nimeanza na hayo kwa sababu kila ninapotaja kitu ninachokipenda, watu huacha kuniona kama mtu mzima. Ninapenda michezo ya video, na nimeipenda tangu yaya wangu wa kiume, yaani kaka yangu mkubwa, alipotuletea PlayStation 2 iliyokwisha kutumika kutoka Kasumbalesa. Ilikuja na maneti moja tu, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, ambayo kijiti chake cha kushoto kilikuwa kimepoteza mpira wake, na yaya akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakigandisha pale kwa gundi. Tulicheza kwa zamu miaka mingi: mmoja anacheza, mwingine anamwambia pita huku, rudi, kuna mtu nyuma yako. Kisha yaya akapata kazi Kolwezi, akaoa, akaacha kucheza. Mimi sikuacha.

Sasa nimebaki peke yangu katika nyumba nzima. Baba ni fundi mstaafu wa reli. Alasiri hucheza dame, yaani drafti, chini ya mwembe na wastaafu wenzake, kwa vifuniko vya chupa, na siku za mechi haachani na redio yake. Mama ana kwaya yake na soko lake. Sikukuu ya mwaka mpya nilijaribu kumwingiza. Nilimpa maneti mbele ya wadogo zangu na binamu zangu, nikamwonyesha kijiti cha kutembea na kijiti cha kugeuza macho. Aliishika kama mtu aliyepewa bakuli la supu ya moto. Mtu wake kwenye skrini akakimbilia ukuta, akabaki anaugonga kwa kichwa, na watoto wakacheka mpaka wakaanguka. Mama naye alicheka, akanirudishia maneti, akaenda kuangalia sufuria ya samaki. Tangu siku hiyo hajaigusa tena, na nikimkaribisha husema ana kazi.

Mwaka huu nilinunua mchezo uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotengenezwa na Wakameruni, nikaucheza kwenye kompyuta yangu mpakato kwa miezi miwili, usiku baada ya usiku, kwa kuwa kwetu mara nyingi umeme hurudi saa nne usiku na kuondoka alfajiri. Usiku nilioumaliza ilikuwa saa nane. Nilivua visikizio, nikasikia nyumba yote imelala. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa na mtu wa kumwamsha. Asubuhi nilimwambia mama kwamba nimemaliza. Alidhani ninazungumzia hesabu za ofisini, akanipongeza na kumshukuru Mungu. Nilipomweleza kwamba ni mchezo, akasema, "Aa, vile vitu," akaendelea kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea wiki tatu zilizopita, Jumapili ya mechi ya Mazembe, klabu ya soka ya hapa kwetu. Betri ya kompyuta yangu imechoka, na bila waya haidumu hata dakika moja. Nilikuwa nimeanza mchezo mwingine, nimecheza karibu saa mbili bila kuhifadhi. Baba aliingia akitafuta mahali pa kuchomeka redio, akachomoa waya wangu bila kusema neno, na skrini ikawa nyeusi. Mama Mshauri, nilimpandishia baba yangu sauti. Nilimwambia kwamba haheshimu kitu cha mtu. Nyumba ikanyamaza. Baba akachukua redio yake, akaenda kusikiliza mechi kwa jirani, na tangu hapo anazungumza nami mambo ya lazima tu.

Baba mdogo, ambaye ni muuguzi, ameitisha kikao cha familia Jumapili ijayo. Anasema Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba kucheza michezo hii ni ugonjwa, na kwamba msichana wa umri wangu ambaye hajaolewa aokolewe mapema. Mama anapendekeza niuze kompyuta. Je, niiuze? Na kama sitaiuza, niseme nini mbele ya watu wasiojua hata kidogo ninachokipenda?

Msomaji wako, Katuba

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na lile lisilohusu michezo. Kabla ya Jumapili, nenda kwa baba yako umwombe radhi. Nenda peke yako, jioni, wenzake wa dame wakiwa wameondoka, na radhi yako isiwe na neno "lakini" ndani yake. Ulimpandishia sauti mbele ya watoto wake, na jambo hilo lina uzito hata kama alikosea kuchomoa waya bila kuuliza, na kweli alikosea. Radhi hiyo isingoje kikao, maana ukiitoa mbele ya baba mdogo itaonekana kwamba umelazimishwa.

Siku nyingine, mkiwa mmerudi kuzungumza, mweleze kilichotokea ndani ya ile kompyuta, kwa sababu ninaamini hakijui. Baba yako ameishi na redio maisha yake yote. Ukichomoa waya wa redio katikati ya mechi, mechi haifi: uwanjani Kamalondo wachezaji wanaendelea kukimbia, na ukirudisha waya unaikuta inaendelea, pengine umekosa bao moja. Kwa mazoea hayo, kuchomoa waya ni kumnyamazisha mtu kwa muda mfupi tu. Mchezo wako haukuwa unaendelea mahali pengine popote. Yale uliyoyafanya kwa saa mbili yalikuwa yamekaa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayoishi kwa umeme peke yake, na kabla hujaamuru yahifadhiwe kwenye diski, hayajaandikwa popote. Mweleze kwa lugha ya karakana: ni kama fundi aliyechukua vipimo vyote akaviandika kwa chaki, na mtu akapita na kitambaa kabla hajavihamishia kwenye daftari. Fundi wa reli atalielewa hilo mara moja, na ninadhani litamuuma. Nawe kubali upande wako. Unaijua betri yako, unaujua umeme wa mtaa wako, na bado ulikaa saa mbili bila kuhifadhi. Nunua betri kabla ya kununua mchezo mwingine, na ununue pia ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme, yenye matundu mengi, tundu moja liwe la redio ya baba, lisiguswe na mtu.

Baba mdogo ana ukweli mkononi, ila ameushika nusu. Mwezi Mei 2019, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa unaotokana na kucheza michezo ya kidijitali. Lakini orodha hiyo haisemi kwamba kila anayecheza ni mgonjwa. Inaeleza hali ya mtu aliyeshindwa kujizuia, ambaye mchezo umepanda juu ya shughuli zake nyingine na mapenzi yake mengine, na ambaye anaendelea hata anapoona madhara, kiasi cha kuharibikiwa nyumbani, shuleni au kazini. Na kwa kawaida hali hiyo inapaswa kuwa imeonekana kwa miezi 12 au zaidi. Yeye ni muuguzi, kwa hiyo hatashindwa kuisoma. Mwendee kabla ya Jumapili, umwombe kwa adabu mwisome pamoja maelezo yenyewe, kuliko kumpinga kikaoni mbele ya kaka yake, ambapo hataweza kurudi nyuma hata akitaka.

Kisha ujipime kwa kipimo hichohicho, kwa uaminifu, kwa sababu hata mimi nina swali. Asubuhi iliyofuata ule usiku wa saa nane, hesabu za depo ulizifanyaje? Tarakimu iliyokosewa kwenye daftari la dawa inaweza kumfikia mgonjwa. Kama umewahi kufika kazini macho yakiwa mazito ukakosea, litaje jambo hilo mwenyewe kabla hujaulizwa, na uweke saa ya kufunga ambayo utaishika. Kama halijatokea, basi mtu anayefika kazini kila siku, anayelipa minervali ya wadogo zake na kuleta unga nyumbani hana ugonjwa huo, na kompyuta usiiuze.

Neno la ndoa litatajwa, sitakudanganya. Ni hofu ya mama, nami ni mama, siwezi kuidharau. Hofu hiyo haiondoki kwa kubishana, kwa hiyo isikilize mpaka mwisho, umshukuru. Ila sijaona nyumba ambayo mchumba alikuja kwa sababu kompyuta iliuzwa.

Nililokaa nalo muda mrefu zaidi katika barua yako ni ile asubuhi ya sombe. Mama alikupongeza. Kwa muda mfupi alikuwa amefurahi pamoja nawe bila kujua ni kwa ajili ya nini, kisha akajua, na furaha ikakatika hapohapo, ninyi wawili mkiwa bado mmesimama pale jikoni. Umeniandikia ukidhani unakosa mtu wa kucheza naye. Soma tena ulichoandika kuhusu yaya. Maneti ilikuwa moja, kwa hiyo siku zote mmoja wenu hakuwa anacheza: alikuwa amekaa kando, anatazama, anasema kuna mtu nyuma yako. Huyo ndiye aliyekwenda Kolwezi. Mchezaji wa pili katika nyumba hiyo sidhani kama utampata. Wa kukaa kando na kuuliza kinachoendelea unaweza kumpata, pengine zaidi ya mmoja.

Kwanza uelewe kwa nini mama alikimbia. Ulimpa kitu kigumu kuliko unavyokumbuka. Mkono mmoja utembeze mtu, mwingine ugeuze macho, yote mawili kwa wakati mmoja. Wewe ulijifunza hilo ukiwa mdogo, na sasa umesahau kwamba ulijifunza. Tena ulimpa mbele ya watoto, nao wakamcheka. Mama mwenye nyumba yake hukubali kuchekwa hivyo mara moja tu. Usimpe tena maneti hiyo. Akija kuomba mwenyewe, mpe Tetris, ule wa vipande vinavyoshuka, ambao Alexey Pajitnov aliutunga Moscow mwaka 1984: hauna neno la kusoma, hauna macho ya kugeuza, na mtu aliyezoea kupanga bidhaa kwenye meza ndogo ya sokoni atauelewa kabla hujamaliza kumweleza. Mpe mkiwa wawili.

Pili, dame ya baba. Usije ukamwambia kikaoni kwamba yeye pia ni mchezaji. Nimeona vijana wakiitoa hoja hiyo na wazee wakiipokea kama tusi. Itazame dame kwa faida yako wewe. Dame huchezwa mahali pa wazi, kama kisolo, aina ya bao, ambacho wazee wa Kiluba walikicheza na ambacho ng'ambo ya mpaka, Zambia, hukiita chisolo. Anayepita na ndoo ya maji husimama, huuliza nani anashinda, hutoa shauri ambalo hakuombwa, huenda zake. Mtaani kwenu wapo watu wasiojua hata kupanga vile vifuniko vya chupa, lakini wanajua baba yako ni hodari, kwa kuwa wamesikia kelele za aliyeshindwa. Wewe unacheza chumbani, mlango umesukumwa, visikizio masikioni, uso umeelekea ukutani. Kwa miaka yote hiyo nyumba yenu imeona mgongo wako. Sauti hawaisikii, skrini hawaioni, na hata wakichungulia, maandishi yake ni ya Kifaransa au Kiingereza, yanapita haraka. Mama anayeita mara tatu na kujibiwa na mgongo, ulitaka adhani nini juu ya kile kilicho mbele yako?

Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili jioni, umeme ukiwapo, toka na kompyuta yako ukae sebuleni. Chomoa visikizio, uiweke sauti chini, ugeuze skrini mahali ambapo anayepita ataiona bila kuinama. Usimwite mtu na usieleze kitu ambacho hujaulizwa. Mdogo wako atasimama kwanza, watoto husimama. Mtu mzima wa kwanza atauliza swali ambalo litaonekana kwako la kitoto, kama "huyu ni wewe?" au "kwa nini unampiga?" Lijibu swali hilo kana kwamba limeulizwa na mtu mwenye akili, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na mchezo ulioumaliza, binti yangu, ungeweza kuishika nyumba yoyote ya Katuba, nami nimesikitika kwamba hukuusimulia. Aurion ulitoka mwaka 2016, umetengenezwa na Kiro'o Games ya Yaoundé, na hadithi yake inaanza na Enzo, mrithi wa kiti cha Zama, siku ya kutawazwa kwake na kumwoa Erine. Siku hiyohiyo shemeji yake, ndugu wa bibi harusi, anampindua. Erine anaondoka na mume wake, dhidi ya ndugu yake mwenyewe, na wote wawili wanazunguka dunia wakitafuta nguvu za kurudia kiti, nguvu ambazo chanzo chake ni urithi wa mababu. Mama yako amekaa katika vikao vingapi vya ukoo? Anamjua mwanamke aliyewekwa kati ya kwao na kwa mume wake. Pengine yeye mwenyewe aliwahi kuwekwa hapo. Ulipomwambia "nimemaliza mchezo", ulimpa maneno yasiyo na mtu ndani. Mwambie, "Mama, kuna bibi harusi ambaye kaka yake amempindua mume wake siku ya harusi," kisha unyamaze. Simulia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, mkiwa mnachambua mboga. Majina ya silaha, viwango na pointi yaache. Hayo mweleze yaya kwa simu.

Yaya huyo ninamtaka kwenye kikao. Kama hawezi kutoka Kolwezi, apige simu siku hiyo. Yeye ana mke, ana kazi, na ni yeye aliyekata ule mpira wa baiskeli. Akisema neno moja tu kuhusu miaka ile, baba mdogo ataona kwamba kitu hiki kimewahi kuwakalisha watu wawili pamoja.

Wewe mwenyewe useme machache. Sema kwamba kompyuta uliinunua kwa jasho lako na haijamnyima mtu chakula, kwa hiyo unaomba ibaki. Sema kwamba usiku wa siku za kazi utafunga saa sita. Sema kwamba ukiitwa, utaitika mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo watakayoipima kila siku, na huna kisingizio nayo: mchezo wa hadithi husimama kwa kubonyeza kitufe kimoja. Inayochezwa kwenye intaneti dhidi ya watu wengine ndiyo isiyosimama, na kwa hiyo kabla hujaianza, tangaza: "Mama, kuanzia sasa nina robo saa, kama kuna kazi niambie kwanza."

Nina ombi moja la nyongeza, na limetoka katika kitu ambacho barua yako haina. Umeeleza kwa urefu ile Jumapili ya waya, lakini hukuniambia Mazembe walishinda au walishindwa. Mwaka 2010 klabu hiyo ya baba yako iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 huko Abu Dhabi, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika hapo, na golikipa wake Kidiaba akasherehekea akirukaruka kwa makalio uwanjani. Wewe ulikuwa bado mtoto. Muulize baba alikuwa wapi usiku ule, alikuwa na nani, redio ilikuwa ipi. Muulize kwa kuwa unataka kujua, na umwache amalize hata akichukua saa nzima.

Na siku mama atakapokuuliza, mikono ikiwa kwenye mboga, kama Enzo na Erine walirudi kwao, usimjibu palepale. Mwambie ilipofika hapo ilikuwa saa sita, ukafunga, na kwamba utaendelea kesho jioni akiwa na nafasi.